Masanduku Niliyompakia Vanesa

Mtu anaposafiri kwenye televisheni, mimi kitu cha kwanza kukiangalia ni bega lake. Wenzangu sebuleni wanaangalia machozi, wanaangalia kama mume atatokea mbio kumzuia mlangoni. Mimi macho yangu yako begani. Bega likiwa limesimama sawasawa na mwenzake, najua lile sanduku ni tupu, na aliyelipanga ama ni mvivu ama ni mgeni wa kazi. Nalijua hilo kwa sababu niliwahi kuwa vyote viwili.

Nyinyi vijana mnaokuja kunitembelea hapa Masaka, pembeni mwa Kigali, mkinikuta napalilia maharage, wote mnaniambia mnataka kuigiza. Wawili watatu wenye miwani wanasema wanataka kuongoza. Sijawahi kumsikia hata mmoja akisema, "Mama Shema, mimi nataka kutunza vikombe." Basi mimi nilitunza vikombe. Nilitunza viti, mapazia, miwani ya wakwe wabaya, na picha ya marehemu babu iliyoning'inia ukutani kwa Vanesa, mhusika mkuu wa tamthilia yetu. Mtu wa kwenye picha hakuwa babu wa mtu yeyote. Alikuwa fundi bomba wa Gikondo, mzima wa afya. Tulimvalisha koti tukampiga picha, na tangu siku hiyo kila alipokutana na waigizaji wetu barabarani alidai wamwamkie kama wajukuu.

Tamthilia yetu ilikuwa ya Kiswahili, ili iuzike na kwa nchi za jirani. Mimi nilizaliwa na kusomea Tanzania kabla ya wazazi kurudi nyumbani Rwanda, kwa hiyo niliajiriwa kwanza kuwasahihisha waigizaji waliokuwa wakisema "nakura wari". Kazi hiyo niliifanya wiki tatu tu. Siku moja mtunza vifaa hakufika, nikaambiwa nishike kikapu chake kwa muda. Muda huo ulichukua miaka yangu yote iliyobaki.

Studio ilikuwa ghala kuukuu huko Gikondo, kati ya gereji mbili. Kila Vanesa alipotaka kulia, fundi wa upande wa pili aligonga bodi la gari. Tulikwenda kuwaomba wanyamaze kidogo. Walikubali, ila kwa sharti moja: wao waambiwe kabla ya nchi nzima kama mume wa Vanesa atakufa. Tukawaambia. Walinyamaza siku nne za msiba, na mmoja alivaa nguo nyeusi kazini.

Sasa niwaeleze lile kosa langu la kwanza. Vanesa, aliyeigizwa na msichana mpole aitwaye Aline, alikuwa anahamia Ulaya. Ilikuwa sehemu kubwa, mama anazimia, mdogo mtu anakimbilia gari. Mimi nikampa Aline sanduku jekundu la magurudumu, jipya, zuri, na ndani sikuweka hata leso. Nilijisemea, nani ataona ndani? Aline akalishika kwa vidole viwili akaliinua kama kikapu cha mayai, akaenda zake Ulaya.

Kesho yake baada ya sehemu hiyo kurushwa niko kituo cha Sonatubes natafuta pikipiki ya kunirudisha nyumbani, nimevaa fulana yenye jina la tamthilia. Dereva akaisoma kifuani mwangu, akanigeukia.

"Mama, nyinyi ndio mnatengeneza ile ya Vanesa?"

"Ndiyo sisi," nikasema, nikijivuna.

"Mbona dada anahamia Ulaya na hewa?"

"Hewa gani?"

"Sanduku iko na hewa tu. Mimi abiria wa kwenda Masaka kwa shangazi yake, kulala siku mbili, mzigo wake unanivunja mgongo. Huyu anahama nchi, anarusha sanduku kama mpira!" Madereva wenzake wakacheka. Njia nzima alinifundisha kazi yangu, na kila tulipopita tuta aliniuliza kama nimesikia uzito.

Nikaona aibu, nikaamua kurekebisha. Sehemu iliyofuata Vanesa alikuwa anabadilisha ndege. Uwanja wa ndege wetu ulikuwa ukumbi wa jengo moja la ofisi, tulioazimwa kwa saa mbili. Sanduku nikalijaza mchanga. Aline akavuta hatua kumi, zipu ikapasuka, na Vanesa akaingia Ulaya akiacha nyuma yake mstari wa mchanga kama lori la ujenzi. Mlinzi wa jengo alifagia huku akiniangalia mimi, si mchanga.

Aliyeniokoa alikuwa Mzee Salumu, fundi seremala wetu, mtu wa Kigoma. Nusu ya Kigali ya kwenye televisheni ilijengwa kwa mikono yake, kwa mbao nyembamba na gundi. Alikuwa haongei sana akiwa na misumari mdomoni. Siku hiyo akaitoa.

"Mama Shema, mchanga ni mzigo wa maiti. Umelala chini, umetulia. Mzigo wa msafiri unahangaika. Chupa inagonga, kiatu kinachoma ubavu, unga unahamia upande mmoja."

"Kwa hiyo niweke nini?"

"Weka anachobeba mtu. Mwigizaji atakudanganya kwa mdomo, kwa macho, hata kwa chozi. Bega halijui kudanganya."

Nikarudi nyumbani nikawauliza watu waliowahi kumpakia mtoto safari: uliweka nini? Hakuna aliyenitajia gauni. Walinitajia unga wa muhogo, isombe, yaani kisamvu, iliyokaushwa, dagaa waliofungwa mifuko mitatu na bado wananuka, samli kwenye chupa ya maji, maharage ambayo mama anaamini Ulaya hayapo. Nikashona zipu mpya, nikapakia vyote hivyo. Tukairudia picha ya uwanja wa ndege, na Aline alipolinyanyua, bega lake lilishuka, shingo ikakaza, akawa kweli mtu anayeondoka kwao. Akalia vizuri mno. Mwongozaji akamsifu. Baadaye aliniambia pembeni, "Tantine, wale dagaa! Nilikuwa nalia kwa harufu." Nikamwambia harufu ndiyo yenyewe, aendelee hivyohivyo.

Tangu hapo nikawa mkali, pengine kupita kiasi. Nikaanza kuona uongo kila mahali. Angalieni nyumba ya maskini kwenye tamthilia yoyote: ina vikombe sita vinavyofanana. Maskini gani huyo? Kwetu sisi kikombe kizima ni cha mgeni, kilichovunjika mkono ni cha baba kwa sababu amekizoea, na kile cha plastiki kilikuja na sherehe ya harusi ya watu. Nilikuwa napita nyumba za majirani na vikombe vipya, nabadilishana na vyao vibovu. Watu walinionea huruma. Walifikiri kichwa kimeanza kuyumba, na walinipa vibovu vyao haraka kabla sijapona.

Chakula ndicho usicheze nacho. Mwigizaji akila kwenye picha, atakula mara kumi na mbili, kwa sababu picha hairidhishi mara moja. Ukimpa nyama mara ya kwanza, mara ya saba atakutazama kama adui. Mpe ndizi, mpe mboga, kata vipande vidogo, na ndoo ya kutemea iwe karibu. Pombe kali ni chai ya rangi iliyopoa. Mwigizaji wetu wa mume tajiri alilalamika kwamba chai haimpi hisia, akajiletea mwenyewe kitu halisi chupani. Kufika mara ya tisa ya picha ileile alimtaliki mke asiye wake. Mwandishi ilibidi abadilishe hadithi, na ndoa ile haikurudi tena.

Na andikeni. Zamani nilichora kwenye daftari: glasi imejaa nusu, kijiko upande wa kushoto, mama mkwe amekaa na mguu wa kulia juu. Siku hizi mnapiga picha kwa simu, sawa, ni vyema. Lakini mimi sijawahi kuona daftari lililoishiwa chaji.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniondoa kwenye picha, maana najua ndilo mlilolijia. Mmesikia kwa watu, na watu wameliongezea chumvi.

Jirani yangu hapa Masaka ni Mama Fideli. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na mstari wa migomba. Alilelewa hapahapa Kigali na Kiswahili alikuwa hana kabisa, alijifunza kwenye tamthilia yetu. Kwa hiyo anaongea kama mtu anayetaka kutalikiwa. Nikichelewa kumrudishia chekecheo lake la unga, anasimama mlangoni kwangu mkono kifuani: "Umenisaliti, Mama Shema! Mimi nilikuamini!" Nikimrudishia, anasema, "Nimekusamehe, lakini moyo wangu iko na jeraha."

Mwanawe Fideli alikwenda Ubelgiji, na ilikuwa imetimia miaka tisa bila kurudi hata mara moja. Mama yake aliwaambia wote wa kanisani kwamba kijana yuko ofisini, ana kiti kinachozunguka. Kila Vanesa alipotokea kwenye televisheni, Ulaya yake ikiwa na ngazi za kioo na magari meusi, Mama Fideli aliwaambia watu, "Hivyo ndivyo Fideli anaishi." Zile ngazi za kioo nilizijua vizuri, zilikuwa za duka la fanicha, na nyuma yake Mzee Salumu alikuwa ameficha mabomba ya choo.

Jumapili moja simu ya Mama Fideli ilikuwa imeharibika, Fideli akapiga kwangu ili niwaunganishe. Mama hakuwepo, alikuwa kwaya. Badala ya kukata, yule kijana akabaki kwenye simu.

"Mama Shema, Vanesa wenu anarudi lini nyumbani?"

"Hiyo ni siri ya kazi, mwanangu."

"Mama ameniambia Vanesa akirudi, na mimi nirudi. Anasema anataka kuona nani kati yetu ana sanduku kubwa." Akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikatika njiani.

"Si urudi tu, Fideli? Miaka tisa!"

"Nirudi na nini? Mimi nafagia hoteli, Mama Shema. Mama hajui. Tiketi naweza kuipata, hata mwaka jana niliweza. Kila nikitaka kuikata, nakumbuka ninyi mnavyowarudisha watu. Mtu anashuka na gari, anafungua sanduku, mtaa mzima unapiga kelele. Mimi nikifungua langu watapiga kelele gani?"

Nilikuwa nimezoea kuambiwa kwamba tamthilia zetu zinawapeleka vijana Ulaya. Wazee wa mtaa walinilaumu hivyo kila harusi. Sikuwahi kufikiri kwamba zinaweza pia kuwazuia kurudi. Na masanduku yale, ya kwenda na ya kurudi, nilikuwa nayapakia mimi.

Aliyejua kilichokuwa kinakuja nilikuwa mimi, kwa sababu karatasi za sehemu ya kurudi kwa Vanesa zilikuwa tayari kikapuni kwangu. Anarudi. Anafungua sanduku jekundu mbele ya mama yake na jamaa. Ndani: mikufu, simu tano, gauni la mama linalometameta, na marashi. Marashi yalitajwa mara tatu, kwa herufi kubwa, kwa kuwa wenye marashi walikuwa wafadhili wa tamthilia.

Nikamuuliza Fideli, kama mtu anayepiga soga tu, "Hebu fikiria unakuja kesho. Sema kweli. Ungebeba nini?"

Akafikiri. Halafu akaanza kutaja, na mimi nikachukua daftari.

Siku ya picha nililipakia sanduku peke yangu stoo, nikalifunga, nikaliweka chini ya mguu wangu hadi nilipoitwa. Mwongozaji wetu alikuwa Patriki, kijana aliyekulia Kampala, mwenye haraka, mwenye kofia. Alinipenda, na mimi nilimpenda, ndiyo maana sikumwambia.

"Anti, sanduku iko tayari?"

"Iko tayari kabisa."

"Marashi iko juu?"

"Kila kitu kiko mahali pake," nikasema. Na hilo halikuwa uongo. Marashi yalikuwa mahali pake, kabatini.

Aline alilivuta sanduku hadi katikati ya sebule. Mama yake wa kwenye tamthilia, mwalimu mstaafu aitwaye Veredi, alikuwa amekaa mkekani, na pembeni wamesimama jamaa, akiwemo mpwa wa Vanesa, binti wa miaka kumi na mitatu. Patriki akasema tuanze. Zipu ikafunguliwa.

Aline akatoa makoti mawili ya baridi yaliyokwisha kuvaliwa na mtu. Akayashika, akayatazama. Akatoa viatu vya kiume vya namba ambayo haikuwa ya yeyote pale. Akatoa dawa za magoti. Akatoa pakiti ya kahawa ya Ulaya, ambayo nyuma imeandikwa kwamba imelimwa Rwanda. Halafu gauni dogo la kitoto, la mtoto wa miaka minne, lenye vipepeo. Fideli alikuwa ameniambia, "Ningemletea mtoto wa kaka gauni. Ana minne." Kisha akajisahihisha mwenyewe, "Alikuwa na minne."

Aline hakujua aseme nini. Veredi, Mungu ambariki, alikuwa amefundisha darasa la watoto sitini na hakuna kilichokuwa kinaweza kumbabaisha. Alilichukua lile gauni, akamwita mpwa kwa kidole, akampima nalo kifuani. Lilimfika kitovuni. Yule binti akatazama chini akaliona, akalishika kwa mikono yote miwili asiliachie. Hakuna aliyekuwa amemwambia afanye hivyo.

Mwisho kabisa zilikuwa zile sabuni ndogo za hoteli, zilizofungwa karatasi, kama arobaini hivi. Zilimwagika mkekani. Veredi akaokota moja, akainusa. Kisha akauvuta mkono wa Aline, akaunusa nao.

"Kumbe hii ndiyo harufu ya mikono yako siku hizi," akasema.

Aline akamlalia mapajani akalia, na safari hii dagaa hawakuwepo. Gereji zote mbili zilikuwa kimya. Nilidhani ni bahati, mpaka nikageuka nikaona mafundi wanne wamesimama mlangoni kwetu na spana mikononi. Patriki alikuwa amesahau kusema kata. Kamera iliendelea mpaka mpiga picha mwenyewe alipoamua imetosha.

Ndipo Patriki akazinduka.

"Anti! Marashi iko wapi?"

Tulirudia. Marashi yakaletwa, mikufu ikaletwa, Aline akavaa uso wa furaha juu ya macho yaliyovimba, akapiga kelele zinazotakiwa. Nikajua nimeshindwa, na nikajua pia nitafukuzwa. Lakini wiki ile Patriki alinifuata stoo akafunga mlango.

"Anti, ile ya marashi nimeitazama mara tatu. Mara ya tatu nilianza kufikiria chakula cha mchana." Akavua kofia, akairudisha. "Naweka ile ya sabuni. Tukiulizwa, tutasema kitu."

Ikarushwa. Tukaulizwa. Wenye marashi waliondoka na hasira zao zote, na wakubwa wetu wakamwita Patriki, ambaye alisema kitu: alisema lilikuwa wazo langu. Lilikuwa kweli wazo langu, kwa hiyo sikuweza hata kumchukia vizuri. Nilibakiza miezi sita nistaafu. Nikaondolewa kwenye picha, nikapelekwa stoo kushona mapazia, mlango unatazama ukuta. Miezi sita nilimalizia hapo. Mzee Salumu aliniletea kiti alichokitengeneza kwa mbao halisi, akasema hiki unaweza kukikalia, si cha televisheni.

Lakini hukumu niliyoiogopa haikuwa ya wakubwa. Asubuhi baada ya sehemu ile kurushwa, Mama Fideli alivuka migomba. Nilimsikia kabla sijamwona.

"Umenisaliti!"

Nikatazama jikoni. Chekecheo lake nilikuwa nimesharudisha.

"Vanesa anatoka Ulaya na sabuni ya kuiba hoteli? Viatu vya nani vile? Mbele ya watu wote! Wewe iko na moyo gani?" Na safari hii hakuweka mkono kifuani. Hakuwa anaigiza. Akaondoka, na kwa wiki mbili hakuniamkia. Hata kuku wake aliwafukuza wasije kwangu. Nikajiambia, basi, nimemvunjia mama wa watu ndoto yake, na kijana wake sijamsaidia kitu. Nilijiona mjinga aliyepelekwa stoo kwa ajili ya gauni la vipepeo.

Wiki ya tatu Fideli akanipigia. "Mama Shema, nimeiona kwenye simu. Tulikuwa wanne chumbani, wote wa kufagia. Tuliitazama mara mbili. Halafu mmoja wetu, Mkongo, akauliza, 'Nani aliwaambia?'" Nikasikia akifunga mlango kule. "Nakuja Jumamosi. Usimwambie mama kuhusu kazi yangu, nitamwambia mwenyewe."

Akaja, mchana, kwa teksi, na sanduku la bluu lililofungwa kamba. Bega lake nililiona tangu barabarani, limeshuka kama inavyotakiwa. Mama Fideli alipiga kigelegele kimoja, akamkimbilia. Walishikana pale kwenye njia mpaka dereva wa teksi akazima gari. Mimi nilibaki upande wangu wa migomba, lakini yule mama akanipungia mkono: njoo, msaliti, njoo.

Tukaingia watatu. Fideli hakutaka kungoja. Alipiga magoti akafungua sanduku, na uso wake ukiwa umekaza akasema, "Mama, kuna jambo nataka kukwambia kuhusu ofisi yangu."

"Hakuna ofisi," akasema mama yake.

Fideli akanigeukia. Nikatikisa kichwa: si mimi niliyemwambia.

Mama Fideli akainuka, akatoa kwenye Biblia picha moja ya zamani. Ilikuwa picha ya kwanza Fideli aliyomtumia kutoka Ubelgiji: suti, tai, tabasamu, ukuta mweupe. Akaweka kidole pembeni. Kwenye kona ya picha, nyuma ya suti, ilionekana nusu ya ndoo na mpini wa fagio la kupigia deki.

"Miaka tisa naiangalia hii," akasema. "Bosi gani anapigwa picha na ndoo?"

"Ulijua?" Fideli akasema. "Na kile kiti kinachozunguka?"

"Wewe uliniambia ofisi. Nikaona mtoto anataka iwe ofisi, nikaiwekea kiti. Ningekwambia najua, ungeona aibu, usipige tena simu."

Nikashindwa kujizuia. "Sasa mbona ulinijia juu vile, Mama Fideli, kama ulijua?"

Akanigeukia. "Wewe ulitoa siri ya mtoto wangu kwenye televisheni! Mimi nikafikiri ataona, atakufa huko kwa aibu. Ukweli tulikuwa nayo, Mama Shema, mimi huku na yeye kule. Mtu wa kuanza kusema ndiye alikosekana." Kisha, kwa sababu hawezi kujizuia, akaweka mkono kifuani. "Lakini nimekusamehe."

Fideli alikuwa ameketi sakafuni kati ya makoti yake, analia na kucheka. Zile dawa za magoti mama alikwisha kuzifungua anasoma karatasi ya ndani, iliyoandikwa Kifaransa, kama vile ni barua.

Hapo ndipo mlango ukagongwa. Habari ya teksi ilikuwa imeshafika kanisani, na aliyefika wa kwanza alikuwa Mama Tewo, kiongozi wa kwaya, yule ambaye kwa miaka tisa alikuwa akihadithiwa kile kiti kila Jumapili. Akakaa, akalitazama sanduku lililo wazi, akazitazama sabuni, akamtazama kijana.

"Karibu nyumbani, mwanangu. Hebu tuambie wewe mwenyewe. Huko unafanya kazi gani?"

Mama Fideli akamtazama mwanawe. Niliona mdomo wake umeshafunguka, tayari kumwokoa kwa uongo mpya. Fideli akamwahi.

"Nafagia hoteli, mama. Ghorofa nne, mimi peke yangu."

Mama Tewo aliishusha mikono mapajani taratibu, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepigia hesabu jambo zito. Nikajiandaa kumtetea kijana. Nilikuwa na hotuba nzima, nzuri, kuhusu heshima ya kazi.

"Ghorofa nne," akasema Mama Tewo. Akasogeza kiti mbele, akapunguza sauti. "Na ya tano, mwanangu, nani anaifagia? Maana mimi iko na kijana nyumbani."